Haradali ya Mama na Ukungu wa Bondeni

Haradali ukiitia mdomoni nzima haina lolote. Punje ndogo, sawa na ya ulezi, utaiviringisha ulimini mpaka uichoke na hutaona kitu. Itwange sasa, uinyunyizie maji baridi, uiache pembeni kidogo, kisha uonje. Hapo utamwita mama yako. Haiwashi ulimi kama pilipili, yenyewe inapanda puani moja kwa moja, machozi yanakutoka, na ukimaliza kufuta macho unataka tena. Mama yangu alikuwa akisema chakula chenye haradali kina pua. Kisicho na haradali, hata kiwe na nyama, alikisogeza pembeni akasema, "Hiki hakina pua," na hapo hata ungemwimbia asingekula.

Nayasema haya mapema ili mtu asidhani natoa somo la mapishi. Nasimulia mwaka ambao Mama aliacha kula, na mimi binti yake, mtu mzima, mke wa mtu, mwenye mikono miwili na mdomo usiofungika, nikashindwa kumsaidia. Hasira ninayo mpaka leo. Watu wa rika langu wakikaa kuzisifu enzi zile, sijui umoja, sijui mshikamano, mimi hunyanyuka nikaangalie sufuria jikoni.

Mbegu zile zilitoka Kimamba. Kabla ya Uhuru baba alikuwa akikata mkonge kwenye mashamba ya katani, na Mama akapata kibarua jikoni kwa mke wa mwenye duka, mama mmoja wa Kihindi aliyesifika kwa achari. Msimu wa maembe mabichi nyumba nzima ilinuka haradali. Mama alitwanga mpaka macho yakavimba. Alianza kwa kuichukia, akaishia kulamba mchi. Baba alipochoka na miba ya mkonge wakarudi kwao milimani, juu ya Kisanga, na yule mama wa dukani akamfungia Mama mbegu kwenye pindo la khanga, iwe zawadi ya kuagana.

Kule juu haradali ilikubali kupita kiasi. Kuna baridi, na ikifika kipupwe ukungu unashuka alfajiri unalala juu ya kijito mpaka jua lipande. Mama alijiwekea sheria: haradali haipandwi mpaka ukungu ushuke kiasi cha jirani kutomwona jirani. Ukipanda kabla ya hapo, umetupa mbegu. Na kweli, kila mwaka alipatia. Majani yalitoka mapana, laini, tukayala machanga na karanga, na juu yake Mama akaweka kijiko cha mbegu zilizotwangwa.

Majirani walitucheka kwanza. Kisha Jumapili moja likasomwa kanisani lile neno la punje ya haradali inayokua ikawa mti, ndege wakatua, na baada ya ibada wazee wa kanisa wakapanda mpaka kwetu kuutazama huo mti. Wakakuta majani yanawafika magotini. Mzee mmoja akazunguka shamba zima, akarudi, akauliza, "Sasa binti yangu, hao ndege watatua wapi?" Mama akamwambia, "Baba, labda ndege wa kwetu ni wanene." Niliangua kicheko nikapigwa kofi.

Kuna jambo moja lazima lieleweke. Kwetu mbegu za mboga ni za mama. Zinakaa kwenye kibuyu kidogo kilichozibwa kwa gunzi, kinaning'inizwa jikoni zipate moshi zisibunguliwe, na mama akiwa hai binti hakifungui. Hata uwe na wajukuu wako. Anayekifungua ni yeye, anayesema leo tunapanda ni yeye, na siku anayoondoka duniani ndipo kinakuwa chako. Ukikifungua kabla, ni kama umemwambia mama yako afe. Basi mimi niliolewa, nikazaa, mume wangu akajenga upande wetu, na bado kila kipupwe nilisimama mlangoni kwa Mama nikingoja aseme, "Haya, lete majivu." Tulichanganya mbegu na majivu ili zikitupwa zisirundikane.

Mume wangu alikuwa balozi wa nyumba kumi. Mtu mwema, Mungu amrehemu, ila akiliamini jambo analiamini mpaka kucha. Siku moja akarudi kutoka mkutanoni uso umemwiva kwa furaha. Tunahama, akasema. Tunashuka chini kando ya barabara, kati ya Mikumi na Ruaha, kijiji cha ujamaa, shule, zahanati, maji ya bomba.

"Bomba," akarudia, utadhani amelifunga yeye.

"Na haradali ya Mama?"

"Mke wangu, watu wanajenga nchi, wewe unanitajia mboga!"

Malori yalikuja maganda ya haradali yakiwa bado mabichi. Hiyo ndiyo dhambi yenyewe. Wangechelewa kidogo tu, maganda yakakauka, Mama angevuna alfajiri umande ukiwa bado juu yake, maana jua likiyapata maganda makavu yanapasuka na mbegu zinamwagika. Aliwaomba. Mgambo aliyetumwa kwetu alikuwa kijana wa rika la mdogo wangu. Akapiga goti kabisa, "Shikamoo, bibi." Mama akaitika, "Marahaba, mwanangu." Kijana akasimama, akajipangusa goti, akapanda juu ya nyumba ya Mama akaanza kuezua nyasi. Lo! Ile adabu ndiyo iliyonitia wazimu. Angetutukana ningejua la kufanya. Nilimtukana mimi, matusi ya nguoni, mbele ya watu, na mume wangu balozi akanishika mkono akanipakia kwenye lori kama gunia.

Tulipokuwa tunateremka, yule mzee wa kanisa aliyewatafuta ndege alikuwa amekaa juu ya godoro lake. Akautazama mlima, akasema, "Tuliambiwa tukiwa na imani ya punje ya haradali mlima utahama. Basi sisi imani yetu ilikuwa ya kinyume, tumehama wenyewe." Watu wakacheka lori zima. Mama hakucheka. Alikuwa amekipakata kibuyu, na ndani yake mlikuwa na masalia tu ya mwaka uliopita, unayasikia ukikitikisa.

Kule chini nyumba zilipangwa kwa kamba, mstari hata mstari. Udongo ni mweusi, mvua ikinyesha unanata, jua likiwaka unapasuka mguu ukaingia. Joto jamani! Usiku unalala nje ya shuka. Bomba hatukuliona, tulichimba kisima. Na Mama, ambaye kule juu alikuwa na nyumba yake, sasa akawa na chumba chetu cha pili, ukuta wa fito katikati. Kwetu mkwe hamwoni mama mkwe akila. Kwa hiyo mume wangu alikuwa akikohoa kuanzia kwenye mti wa jirani, Mama asikie, asogeze sahani na kujifunika khanga. Mara nyingi hakuirudisha tena ile sahani.

Mwanzoni nilidhani ni nongwa ya uzee. Nampelekea ugali na mchicha, anasema hakina pua. Dagaa, hakina pua. Siku tulipogawiwa nyama ya sikukuu nikampikia kwa nazi ya kuombaomba, akala tonge, akanisukumia bakuli. "Mwanangu, siringi. Nikitafuna naona kama natafuna mkeka. Haishuki." Nikamkasirikia. Nikamwambia ana deko la mtoto mdogo, watu wazima wenzake wanakula. Baadaye nikamwogesha, nikaona mbavu zake, nikatoka nje nikalia nyuma ya choo, maana kwenye nyumba za mistari huna mahali pengine pa kulilia.

Hapo ndipo nilipojua kwamba nisipompatia haradali nitamzika.

"Mama, fungua kibuyu basi. Tupande japo kidogo."

"Ukungu haujashuka."

"Mama, huku hakuna ukungu."

"Kila mahali pana ukungu. Ni kungoja."

Macho yake wakati huo yalikuwa yameshaingia mtoto wa jicho. Kila asubuhi, kabla sijamsalimia, ananiuliza, umeshuka? Bado, Mama. Kibuyu kilikuwa kinaning'inia juu ya mafiga yangu, nikikoroga ugali nakiona. Ningeweza kukifikia kwa mkono. Mume wangu alinishauri mara moja, kwa sauti ya chini, "Kwani nani atajua?" Nikamtazama mpaka akatoka. Mtu anayekuambia umwambie mama yako afe, utamjibu nini?

Nikaamua kwenda Kimamba. Nilipanda lori la mahindi mpaka Kilosa, kutoka Kilosa nikapata treni. Moyoni nilikuwa nimeshapanga maneno ya kumwambia yule mama wa Kihindi: mimi ni mtoto wa yule aliyekutwangia. Nikakuta duka limepakwa rangi mpya, limekuwa duka la kijiji. Wenye duka wameshaondoka, kuna walioniambia wako Dar es Salaam, wengine wakasema ng'ambo. Ndani kulikuwa na viberiti na majembe, na kijana ameegemea kaunta.

"Haradali? Dada yangu, hata chumvi hatuna. Hiyo haradali ni dawa ya nini?"

"Ya mama yangu."

"Anaumwa nini?"

Ningemwambia anaumwa kukosa pua? Nilirudi mikono mitupu, na wahenga walishasema mkono mtupu haulambwi. Mama hakuniuliza nilikokwenda. Aliniuliza kama kule nilikopita niliona ukungu.

Mume wangu naye, nadhani dhamiri ilimtafuna. Kurudi milimani kulikatazwa, na yeye balozi ndiye alikuwa anawakataza wenzake. Siku moja akaaga anakwenda kutafuta kamba za kuezekea. Alirudi jua limezama, magoti yamechubuka, na mzigo wa majani chini ya koti. Hakuthubutu kuingia kwa mama mkwe. Akauweka mlangoni, akakohoa, akasema kwa kupitia ukutani, "Mama, nimefika kule juu. Nimeikuta haradali yako, imejiotea."

Sijawahi kumpenda yule mwanaume kama saa ile. Nikafungua mzigo. Majani yenyewe yalifanana na haradali kama mimi ninavyofanana na mkuu wa mkoa. Alikuwa amechuma magugu! Miaka yote amekula sahani kwa sahani, hajawahi kuinama akaangalia anachokula kikiwa shambani. Mama akalipapasa jani moja, akalinusa, akaliweka chini taratibu. "Mwambie mkwe wangu nashukuru sana," akasema. "Mwambie ndiyo yenyewe." Nikayapika, tukayala sisi wenyewe. Yalikuwa machungu.

Kipupwe kikaja, ambacho huku chini ni joto lililopungua kidogo. Na upande wa Ruaha wakaanza kuvuna miwa. Kabla ya kukata huichoma moto, majani makavu yaishe, na moshi ule asubuhi upepo ukiwa umetulia hutambaa chini chini ukafika hadi kwetu. Unaamka unakuta weupe umelala juu ya nyumba, na masizi yanadondoka kwenye maji ya kisima.

Mama alikuwa ameketi mlangoni. Akainua uso. Macho yake hayakuona tena mtu, ila weupe yaliuona.

"Umeshuka," akasema.

"Mama, huo ni moshi. Wanachoma miwa."

"Umeshuka, nakwambia."

"Hebu nusa basi! Hunusi sukari?"

Akanusa. Akafikiri. "Ukungu wa huku una harufu yake," akasema. "Wewe umeanza lini kunifundisha mimi ukungu? Lete majivu."

Nilisimama pale na hasira zangu. Mbegu zilikuwa zile tu, hakuna nyingine duniani ninazozijua. Nikikataa, kibuyu kitabaki kimefungwa, naye ataendelea kungoja kitu ambacho hakitashuka kamwe, na atakufa anangoja. Nikikubali, tunazitupa kwenye joto. Na tangu tuhamie pale sikuwa nimeuona uso wake ukiwa na uhai kama asubuhi ile. Nikamletea majivu. Ningefanya nini?

Akazibua gunzi kwa meno. Akamimina kiganjani, akazihisi kwa kidole gumba, akachanganya, na mimi nikamshika kiuno akatupa mbegu nyuma ya nyumba, mtupo ni ule ule wa siku zote. Kibuyu akakikung'uta mpaka punje ya mwisho. Jioni ile alikula nusu ya ugali, bila mboga, akisema anajizoeza kabla haradali haijaota.

Zikaota. Usiniulize furaha niliyokuwa nayo. Nilibeba maji ya kisima asubuhi na jioni, nikajenga kivuli cha makuti na matawi, nikawafukuza kuku wa kijiji kizima mpaka watu wakanipa jina la utani. Bwana shamba alipita akauliza hilo ni zao gani, kwa sababu halimo kwenye mazao ya kampeni. Nikamwambia ni zao la mama yangu, aendelee na safari yake. Mama alikuwa akiletwa kila siku kupapasa. "Yanapanuka?" Nasema, yanakuja, Mama.

Hayakuja. Joto liliyahimiza. Yakiwa na urefu wa kiganja tu yakapandisha shina, shina jembamba kama njiti, na juu yake ua la njano. Majani yakabaki madogo, magumu, yana miiba miiba. Nilikata maua nikidhani yatarudi kwenye majani. Yakatoa maua mengine chini. Mmea umeshaona unakufa, nao unakimbilia kuzaa. Nilikaa pale chini nikayatukana maua, mwanamke mzima, jirani akichungulia.

Nikaona basi, angalau mbegu. Nikaacha zikomae. Mama wakati huo alikuwa hanyanyuki tena, nilimgeuza kitandani kwa mkono mmoja. Nilivuna alfajiri kama alivyonifundisha, nikapura juu ya khanga, nikapeta. Nyingi zilikuwa makapi. Zilizobaki zilijaa kiganja kwa taabu, zimesinyaa, nyepesi, ukizipuliza zinaruka. Zilikuwa za mlo mmoja au za kupanda tena mwakani. Nilimpelekea azishike, aamue yeye mwenye kibuyu.

Akazihisi kwa kidole gumba, muda mrefu. Nilijua amejua zilivyosinyaa. "Twanga," akasema.

Nikatwanga zote. Nikatia maji ya mtungini, nikafunika, nikangoja kama inavyotakiwa, nikasonga ugali mlaini. Mume wangu alikuwa nje kwenye kigoda, hajakohoa, hajasogea. Nikamwinua Mama, nikamwegemeza kifuani kwangu, nikachovya tonge nikamtia mdomoni.

Akatafuna. Kisha akavuta pindo la khanga akajifuta macho, akajifuta pua, akatikisa kichwa kama zamani akiwa juu ya kinu.

"Mmh! Imenipanda," akasema. "Mwanangu, hii ina pua."

Akala. Nakwambia Mama alikula, tonge kwa tonge, huku anajifuta, mpaka ugali ukaisha. Nikamlaza. Nikatoka na bakuli miguu haigusi chini, nikamwambia mume wangu, "Amekula. Amemaliza." Mwanaume yule akajifunika uso kwa mikono yote miwili.

Chini ya bakuli palikuwa na mabaki. Nikapitisha kidole, nikalamba. Nikangoja ipande. Nikapitisha kidole tena, nikalamba, nikavuta pumzi kwa pua. Hapakuwa na kitu. Ilikuwa kama kulamba udongo. Mama yangu, ambaye maisha yake yote hakula chakula kwa kumfurahisha mtu, si padri, si mkwe, si mimi, leo alikuwa amekula.

Kutoka ndani akaniita, sauti imechangamka. "Mwanangu! Kama imebaki, niletee tena kidogo."

Mume wangu akainua uso, machozi na tabasamu vyote pamoja. "Umesikia?" akasema. "Anataka tena. Mpelekee basi."

Nikabaki nimesimama pale na bakuli mkononi, nisijue niingie ndani au nibaki nje.